KIKOSI CHA TOPIDO CHA 8: WALIOKUFA NA WALIOBAKI KUSIMULIA



Katika toleo hili la kumbukumbu, Kamati imetuomba sisi walimu tuandike somo moja la historia. Tumechagua habari za kikosi kimoja cha marubani wa Kimarekani waliopigana na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wengine watauliza: vita vya bahari ya mbali namna hiyo vinatuhusu nini sisi tuliotoka katika nchi zisizo na bahari, tunaojua maji ya ziwa tu? Jibu letu ni kwamba habari za kikosi hiki zinatufundisha mambo mawili tunayokutana nayo kila siku hapa kambini. La kwanza ni jinsi ya kuwakumbuka waliokufa. La pili ni jinsi ya kumsikiliza aliyenusurika.

Meli ya ndege ni nini?

Kabla ya kuendelea tueleze maneno, kwa faida ya wanafunzi wetu. Meli ya ndege ni manowari kubwa sana ambayo sitaha yake, yaani sakafu ya juu, ni tambarare kama uwanja wa ndege. Ndege huruka kutoka juu yake, huenda kupigana, kisha hurudi kutua hapo hapo katikati ya bahari. Topido ni bomu refu linalodondoshwa majini na ndege, nalo hukimbia chini ya maji kwa mashine yake lenyewe mpaka ligonge ubavu wa meli.

Kikosi cha Topido cha 8 kiliundwa mwaka 1941 huko Norfolk, katika jimbo la Virginia, ili kiwe kikosi cha meli mpya ya ndege iliyoitwa Hornet. Mkuu wake alikuwa John Waldron, mzaliwa wa Fort Pierre katika jimbo la South Dakota, ambaye upande mmoja wa ukoo wake ulitoka kwa Walakota, wenyeji wa asili wa nchi ile. Alikuwa na umri wa miaka 41, na vijana wengi aliowaongoza walikuwa hawajafika miaka 30.

Ndege zao ziliitwa Devastator. Zilipoanza kazi mwaka 1937 zilikuwa ndege za kisasa, lakini kufika mwaka 1942 zilikwishapitwa na wakati. Ili kudondosha topido, rubani alipaswa kushuka mpaka karibu mita 30 juu ya maji na kwenda polepole, kiasi cha kilometa 200 kwa saa, bila kupinda. Ndege za ulinzi za Wajapani zilizoitwa Zero ziliweza kupita kilometa 500 kwa saa. Tena topido zenyewe zilikuwa na kasoro nyingi: zilipotea njia, au ziligonga bila kulipuka. Waldron na watu wake walijua kwamba chombo walichopewa ni kibovu. Lakini kingine hawakuwa nacho.

Vita vilivyofika hata pwani yetu

Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani ziliruka kutoka katika meli sita za ndege na kushambulia bandari ya Pearl Harbor, Hawaii. Ndivyo Marekani ilivyoingia vitani. Mkuu wa kundi lile la meli alikuwa Nagumo Chuichi.

Mwezi wa Aprili 1942 Nagumo aliingia Bahari ya Hindi. Ndege zake zilishambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, kinachoitwa Sri Lanka siku hizi, zikazamisha manowari za Waingereza, pamoja na meli ya ndege Hermes tarehe 9 Aprili. Waingereza wakaona hatari, wakahamishia sehemu ya manowari zao Kilindini, Mombasa. Kwa hiyo msomaji asidhani vita hivi vilikuwa mbali kabisa na Afrika Mashariki. Meli tatu zilizowafukuza Waingereza mpaka Mombasa, yaani Akagi, Soryu na Hiryu, ndizo hizo hizo ambazo Kikosi cha 8 kilizikuta miezi miwili baadaye, zikiwa pamoja na ya nne, Kaga.

Wajapani walipanga kuteka Midway, visiwa vidogo vyenye uwanja wa ndege wa Wamarekani katikati ya Bahari ya Pasifiki. Lakini Wamarekani waliokaa Hawaii wakichambua maandishi ya siri ya adui waligundua mpango huo. Kamanda wao, Chester Nimitz, akatuma meli zake tatu za ndege, Enterprise, Hornet na Yorktown, zikawavizie Wajapani kaskazini mashariki ya Midway.

Asubuhi ya tarehe 4 Juni 1942

Siku hiyo Kikosi cha 8 kilipigana katika sehemu mbili, wala wa sehemu moja hawakujua yaliyowapata wenzao.

Sehemu ya kwanza ilikuwa na ndege sita mpya za aina ya Avenger. Watu wake walikuwa wamebaki Norfolk kujifunza kuziendesha, na walipofika Hawaii tarehe 29 Mei, Hornet ilikuwa imeondoka siku moja kabla. Sita kati yao wakatumwa Midway kwa kuruka. Alfajiri ya tarehe 4 Juni ziliondoka zikiongozwa na Langdon Fieberling, zikawafikia Wajapani karibu saa 1:10 asubuhi, bila ndege za kuzilinda. Tano zilianguka na watu wote waliokuwamo. Moja tu ilirudi. Rubani wake, Albert Earnest, alikuwa amejeruhiwa, na nyaya za kuinulia na kushushia ndege zilikuwa zimekatika. Aliifikisha Midway kwa kutumia gurudumu dogo la kusawazishia mkia, akatua kwa tairi moja. Nyuma yake mpiga bunduki, Jay Manning, alikuwa amekufa, na kijana wa redio, Harry Ferrier, mwenye miaka 17, alikuwa na jeraha la kichwa. Kati ya watu 18, walibaki wawili.

Sehemu ya pili ilikuwa Waldron mwenyewe na ndege 15 za Devastator kutoka Hornet, zenye watu 30, yaani rubani na mtu wa redio katika kila ndege. Usiku wa kuamkia siku hiyo Waldron aliwaandikia vijana wake karatasi fupi. Aliwaambia kwamba akibaki mmoja tu, huyo mmoja aende akapige.

Ndege zote za Hornet ziliruka pamoja. Waldron hakukubaliana na njia aliyoichagua mkuu wa ndege za meli ile. Aliamini Wajapani wako upande wa kushoto zaidi. Angani wakabishana kwa redio, kisha Waldron akageuka na kikosi chake. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Aliwakuta Wajapani karibu moja kwa moja, wakati wenzake wengine wa Hornet hawakuwaona adui asubuhi ile. Ndege kumi za ulinzi za Hornet ziliishiwa mafuta zote zikaangukia baharini.

Karibu saa 3:20 asubuhi Devastator zile 15 zilianza kushuka, bila hata ndege moja ya kuzilinda. Zero zikaziangukia kama mwewe juu ya vifaranga. Zilianguka moja baada ya nyingine mpaka zikaisha. Hakuna topido hata moja iliyogonga meli.

Kati ya watu 30 alibaki mmoja, rubani George Gay wa Texas, mwenye miaka 25. Siku ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuruka kutoka melini akiwa amebeba topido. Mtu wake wa redio, Robert Huntington, aliuawa. Gay aliangukia baharini akiwa na majeraha ya mkono na mguu, akajificha chini ya mto mweusi wa kiti cha ndege ili Wajapani wasimwone, akaelea katikati ya meli za adui. Kesho yake ndege ya Wamarekani inayotua majini ilimkuta na kumwokoa.

Hesabu ya siku ile ni hii: watu 48 waliruka kwa jina la Kikosi cha 8, wakafa 45, wakarudi watatu.

Baada yao vilikuja vikosi vya topido vya Enterprise na Yorktown, navyo vikateketea vile vile. Kati ya ndege 41 za topido zilizotoka katika meli tatu, zilizorudi hazikufika kumi. Halafu, karibu saa 4:20 asubuhi, ndege za mabomu za Enterprise na Yorktown zilifika zikiwa juu sana, zikashuka karibu wima, na kwa dakika chache zikawasha moto Akagi, Kaga na Soryu. Jioni ikapigwa Hiryu. Meli zote nne zikazama. Wamarekani nao walipoteza Yorktown. Tangu siku hiyo Japani haikupata tena nguvu iliyokuwa nayo baharini.

Je, walikufa bure?

Kwa miaka mingi watu walisimulia hivi: Kikosi cha 8 kilizivuta Zero zote zishuke chini, kwa hiyo ndege za mabomu zikaikuta anga tupu. Kwa maneno mengine, vijana wale walikufa ili wenzao washinde. Simulizi hii iliwafariji wafiwa, nasi tunaelewa kwa nini. Aliyefiwa hutafuta neno la kumwambia kwamba mtu wake hakwenda bure.

Lakini watafiti waliosoma kumbukumbu za Wajapani, hasa Wamarekani wawili Jonathan Parshall na Anthony Tully katika kitabu chao cha mwaka 2005, walilinganisha saa. Waldron alikuwa ameangamizwa kiasi cha dakika 45 kabla ya mabomu kuanguka. Zero huhitaji dakika chache tu, zisizofika kumi, kupanda tena juu. Kwa hiyo si Kikosi cha 8 kilichozivuta Zero chini wakati ule. Kilichozishughulisha zaidi dakika zile kilikuwa kikosi cha Yorktown, kilichofika mwisho.

Je, basi hawakufanya kitu? Walifanya, ila si kile kilichosimuliwa. Kila shambulio liliilazimisha meli ya Kijapani kupinda huku na huku na kutumia sitaha yake kutua na kurusha Zero. Meli inayofanya hivyo haipati nafasi ya kupanga ndege zake za kwenda kushambulia. Asubuhi nzima Nagumo alikosa nafasi hiyo. Tena wale sita wa Fieberling, ambao walisahauliwa sana, walishambulia pamoja na ndege nne za jeshi la nchi kavu, na dakika chache baadaye, saa 1:15, Nagumo aliamuru ndege zake za akiba zibadilishiwe silaha ili zikapige Midway mara ya pili. Wanahistoria wengi wanaona amri hiyo ndiyo iliyoanza kumharibia mambo. Aliyoyaona asubuhi ile kutoka Midway yalikuwa sehemu ya sababu zake.

Hapa tunapenda wasomaji watuelewe vizuri. Hatusemi kwamba heshima ya marehemu inategemea hesabu ya dakika. Hata kama wasingalichelewesha kitu chochote, Waldron na watu wake wangestahili kukumbukwa. Walikwenda wakijua. Walikuwa wana wa watu. Hiyo inatosha. Tunalisema hili kwa sababu katika kambi yetu ziko familia nyingi ambazo marehemu wao hawakufa kwa ajili ya ushindi wowote. Walikufa njiani, walikufa mtoni, walikufa kwa homa na kuhara, walikufa nyumbani mlangoni. Hakuna atakayesimulia kwamba kifo chao kiliokoa vita. Tukifundisha watoto kwamba anayestahili kukumbukwa ni yule tu ambaye kifo chake kilileta faida, tutakuwa tumewafuta watu wetu wenyewe.

Ushahidi wa mtu na ushahidi wa karatasi

Jambo la pili linamhusu George Gay. Alipookolewa alisimulia aliyoyaona. Alisema alimwona Waldron amesimama ndani ya ndege iliyokuwa inawaka. Alisema aliziona meli tatu za Kijapani zikipigwa mabomu mbele ya macho yake. Magazeti yakaandika, na Marekani nzima ikamjua.

Miaka mingi baadaye watafiti walipopima umbali kati ya meli zile, walitilia shaka kama mtu aliye majini, kichwa tu kikiwa nje, aliweza kuziona zote tatu. Wavuvi wetu wa ziwani wanalijua jambo hili. Aliye majini haoni mbali. Mawimbi yanamficha, na moshi mmoja unafanana na mwingine. Tena baada ya siku nyingi mtu huchanganya aliyoyaona na aliyoyasikia kwa wenzake. Je, Gay alikuwa mwongo? Hapana. Alikuwa pale. Aliangushwa pale, akajeruhiwa pale, akawapoteza wenzake 29 pale. Kukosea idadi ya meli hakufuti hata kimoja kati ya hivyo.

Sasa tulinganishe na karatasi. Ripoti rasmi ya Hornet iliandika kwamba ndege zake zilielekea kusini magharibi. Lakini marubani kadhaa walionusurika walisema baadaye kwamba walipelekwa karibu magharibi moja kwa moja, na ndiyo maana hawakumwona adui. Wanahistoria wengi wa siku hizi wanawaamini marubani. Karatasi ilikuwa na sahihi na mhuri, na bado ilikosea. Vinywa vya watu ndivyo vilivyohifadhi ukweli.

Tunawaomba ndugu zetu wa mashirika, ambao kazi yao ni kuandika habari za watu, walifikirie hili. Mama akieleza leo kwamba walivuka mto siku ya Jumanne, na mwezi ujao akasema Alhamisi, asihesabiwe mara moja kuwa anadanganya. Alivuka akiwa na mtoto mgongoni. Kalenda hakuwa nayo. Aulizwe tena kwa upole: ulikuwa umesimama wapi? Lipi uliliona kwa macho, lipi uliambiwa? Nanyi wakimbizi wenzetu, tuwe wakweli vivyo hivyo. Tuliloona tuseme tumeona, tulilosikia tuseme tumesikia. Msikitikie mwenzako, lakini usimwongezee maneno, kwa maana neno moja la kuongeza huwafanya watu waache kuamini mia yaliyo ya kweli.

Kikosi hakikuishia Midway

Watu hudhani Kikosi cha 8 kilimalizika siku ile. Sivyo. Waliokuwa wamebaki Hawaii, wakiongozwa na Harold Larsen, walipata ndege za Avenger na kupanda meli ya ndege Saratoga. Mwezi wa Agosti 1942 walikuwapo katika vita vya Guadalcanal, Visiwa vya Solomon, na tarehe 24 Agosti walishiriki katika mapigano yaliyozamisha meli ya ndege ya Kijapani iliyoitwa Ryujo. Tarehe 31 Agosti Saratoga ilipigwa topido na nyambizi, ikabidi iondoke kwenda kutengenezwa. Kikosi kikabaki bila meli. Kikahamia uwanja wa Henderson, nchi kavu, katika matope, malaria na mabomu. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba manowari mbili kubwa za Kijapani ziliupiga mizinga uwanja huo na kuharibu ndege nyingi. Mafundi waliokota vipande katika mabaki ili kupata ndege ya kuruka tena. Mwezi huo huo Hornet yenyewe ilizamishwa. Novemba 1942 kikosi kilivunjwa.

Sisi ambao tumejenga shule kwa miti na plastiki, tukafundisha kwa kuandika ardhini kabla ya vitabu kufika, tunaielewa sehemu hii ya habari kuliko zote. Meli yao ilikwenda, wao wakaendelea na kazi.

Kikosi kilipewa heshima ya Rais wa Marekani. Lakini kumbukumbu tunayoipenda zaidi ni nyingine. Kabla ya Midway, vijana wa Waldron walikuwa wamepigwa picha za sinema za rangi, wawili wawili kando ya ndege zao, wakicheka. Baada ya vifo vyao mtengenezaji filamu John Ford aliziunganisha kuwa filamu fupi ya dakika nane hivi, nakala zake zikapelekwa kwa familia. Haikuonyesha ushindi. Ilionyesha nyuso zao. George Gay alifariki mwaka 1994, na majivu yake yalimwagwa katika bahari ile ile walikoanguka wenzake.

Sisi hatuna sinema, lakini madaftari tunayo. Walimu wa shule zetu wameanza kuwapa wanafunzi wa darasa la sita na la saba kazi ya kuandika habari za wazee wao: jina, kijiji, kazi aliyoifanya, alipenda nini, alionekana mwisho wapi na nani alimwona. Tunawaomba wazazi wasiwafukuze watoto wanapokuja kuuliza. Asiyetaka kusema leo, aseme siku atakayoweza. Anayekumbuka jina tu, aseme jina. Andikeni pia jina la msimulizi, ili miaka ijayo ijulikane nani alisema nini.

Tunawatakia kumbukumbu njema. Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotangulia.



Sisi walimu wenu.